Nyonga imeitwa. Wewe umesikia?

Hotuba niliyoitoa mbele ya wenye nyonga bandia na jamaa zao, hapa Tanga mjini. Ndugu wa Pangani na Muheza walikwama kwa mvua, wakaomba iandikwe yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na ninyi mliopewa viti virefu kule nyuma, msihangaike kuinuka kunipokea. Kaeni. Aliyewakataza kukaa kwenye kigoda alikuwa na sababu yake.

Nianze kwa swali. Mwenye nyonga bandia ainue mkono. Naam, tuko wengi. Sasa abaki na mkono juu yule anayejua jina la hicho alichowekewa. Simaanishi jina la hospitali, wala la daktari. Jina la nyonga yenyewe: nani kaitengeneza, aina gani, namba yake ngapi.

Mikono mitatu. Ukumbi wote huu, mikono mitatu.

Jamani, sisi ni watu wa Tanga. Hakuna mwenye baiskeli humu asiyejua kama yake ni Phoenix au ni Avon. Hata ikiibwa, utaenda polisi ukaeleze rangi, tairi, na mkwaruzo uliopo kwenye fremu. Na baiskeli unaiegesha ukutani usiku. Nyonga unalala nayo.

Sisemi haya kuwalaumu. Nimefanya kazi ya uuguzi wodi ya mifupa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikumwambia mgonjwa hata mmoja: hii hapa ndiyo stika ya nyonga yako, itunze. Tulikuwa tukiibandika kwenye faili, faili likaenda stoo, mgonjwa akaenda kwao. Tukaona kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, na lililonifundisha hilo limetoka nyumbani kwetu. Nitawaeleza. Lakini kwanza tuelewane juu ya neno hili kuitwa, yaani kampuni kutangaza kwamba kifaa chake kina kasoro, kirudishwe.

Nyonga inaitwaje?

Kiungo cha nyonga, kama Mungu alivyokiumba, ni kichwa cha mviringo juu ya fupa la paja, kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Kikiharibika, kwa kuanguka, kwa ajali ya bodaboda, kwa uzee, au kwa vijana wetu wenye selimundu ambao damu hukatika kufika kwenye kichwa kile mpaka mfupa ukafa, daktari hukiondoa akaweka cha kutengenezwa. Nyingi zinazowekwa siku hizi zina kichwa cha chuma au cha kauri, kinachozunguka kwenye kikombe cha plastiki ngumu.

Lakini kuna wakati, hasa miaka ya 2000 na kitu, madaktari wa Ulaya, Marekani na Australia walipenda sana aina nyingine: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma. Wazo lilikuwa zuri. Plastiki hulika, chuma ni kigumu, basi kijana atembee nacho miaka mingi. Kampuni ya DePuy, iliyo chini ya Johnson & Johnson, ikatoa nyonga ya namna hiyo iliyoitwa ASR. Kikombe chake kilikuwa kifupi, hakifiki nusu duara kamili. Kikikaa mshazari kidogo tu, kichwa kinasugua ukingoni badala ya katikati.

Sasa niambieni, mafundi baiskeli mliomo humu. Gololi zikikauka grisi, mtu akaendelea kupiga pedali, siku ukifungua ekseli unakuta nini? Unakuta uji mweusi. Ule weusi ni chuma kilichosagika. Ndicho walichokikuta madaktari walipofungua nyonga zile: majimaji ya kijivu, nyama iliyokufa, na kwa wengine uvimbe uliojengeka kando ya kiungo ilhali si saratani. Vumbi la kobalti na kromiamu, ndizo metali za chuma kile, lilikuwa likila nyama laini kimyakimya, na jingine likiingia kwenye damu.

Agosti 2010 kampuni ikaiita nyonga hiyo dunia nzima. Zilikuwa zimeshatolewa kama 93,000. Takwimu za Uingereza zilikuwa zimeonyesha kwamba ndani ya miaka 5 tu, watu 12 hadi 13 kati ya kila 100 walikuwa wamefunguliwa tena. Na nyonga njema hudumu kiasi gani? Utafiti uliokusanya kumbukumbu za nchi kadhaa ukatolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu 6 kati ya 10 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Pimeni wenyewe tofauti hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Redio ikiitwa irudi dukani, unaibeba unairudisha. Unga ukiitwa, duka linautoa kwenye rafu. Nyonga ikiitwa, nani anairudisha? Iko ndani ya mtu. Mtu yuko Chumbageni anauza maandazi. Zile zilizobaki ghalani zilirudi kiwandani bila shida. Lakini chuma kilichomo mwilini hakisikii wito. Kilichoitwa ni chuma, anayetakiwa kuitika ni mtu. Na mtu ataitikaje kama hajui jina la chuma chake?

Wahenga walisema mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Wenzetu wengi hawakukataa wito. Haukuwafikia.

Habari ya mjomba

Mjomba wangu yuko hapa, mstari wa mbele, na amenipa ruhusa. Mwaka 2008 watoto wake walichanga, wakampeleka ng'ambo akabadilishwa nyonga ya kulia. Sitaitaja nchi, hospitali wala kampuni, maana sikuja kumshitaki mtu. Alirudi anatembea. Mtaani Ngamiani watu walikuja kumtazama akipanda ngazi za msikiti bila kushika ukuta. Miaka minne hakuna neno.

Mwaka wa tano akaanza kusikia kitu kizito kwenye kinena. Kisha uvimbe. Sasa mzee wa pwani akivimba kinena, watu wanasema nini? Mnacheka, lakini mnajua. Wanasema mshipa. Wanasema ngiri. Mjomba akapewa dawa za kuchemsha, akafungwa mkanda, akaambiwa asibebe kitu kizito. Mwaka mmoja ukapita, na wa pili. Mimi mpwa wake, muuguzi wa mifupa, nikimwona kila Idi anachechemea, nikajiambia ni umri. Hilo linaniuma hadi leo na nalisema mbele yenu ili mtu mwingine asilifanye kwa mjomba wake.

Aliyetuzindua ni daktari kijana. Alitazama eksirei, akatazama uvimbe, akauliza swali moja: mzee, nyonga yako ni ya aina gani?

Hakuna aliyejua. Tukapiga simu kule alikopasuliwa. Wakatuambia, mbona tulishawaandikia? Kumbe aina yake nayo ilikuwa imeitwa zamani, na hospitali ile ilituma barua kwa anwani iliyomo kwenye faili. Anwani ilikuwa ya mwenyeji aliyewapokea mwaka 2008, naye alishahama. Simu iliyoandikwa ilikuwa yake pia. Barua ilikwenda. Haikuja Ngamiani.

Karatasi zake zikatafutwa nyumba nzima. Mkaza mjomba akakumbuka kwamba lile sanduku la safari alipewa mtoto wao aliyehamia Pemba. Tukapiga Pemba. Kijana akapekua, na kwenye mfuko wa ubavuni, chini ya risiti za dawa, akakuta kadi yenye stika mbili ndogo zenye mistari na namba. Akapiga picha akatutumia. Zile stika mbili zilituambia zaidi ya yote tuliyokuwa tumeyasema kwa miaka miwili: kampuni, aina, upana wa kichwa, namba ya toleo.

Kwa nini daktari alizitaka sana? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kujua kama ni ile iliyoitwa. Ya pili watu hawaifikirii: kama ni lazima kufungua, mpasuaji anahitaji vipuri vinavyoingiana na kile kilichomo. Shina lililo ndani ya fupa la paja likiwa zima na limeshika, pengine linaweza kubaki, abadilishe kichwa na kikombe tu. Asipojua ni aina gani, huenda akalazimika kung'oa kila kitu, na kung'oa shina lililokwisha kushikana na mfupa ni kazi inayoweza kupasua paja. Stika ndogo, ndugu zangu. Upana wake haufiki kidole.

Damu yake ikachukuliwa kupimwa kobalti na kromiamu, na sampuli ikapelekwa nje ya nchi. Mamlaka ya Uingereza ya dawa na vifaa tiba ilikuwa imeweka kipimo: ikizidi mikrogramu 7 kwa lita, urudie baada ya miezi 3, na upigwe picha za kutazama nyama laini, MRI au altrasaundi, maana eksirei inaonyesha mfupa vizuri lakini uvimbe wa namna ile yaweza isiuone. Mjomba alizidi mara zote mbili.

Akafunguliwa tena. Chuma kikatoka, kikaingia kichwa cha kauri na kikombe cha plastiki. Kobalti kwenye damu ikashuka. Maumivu yakaisha. Lakini misuli ya kando ya nyonga ilikuwa imeshaliwa, na misuli iliyokufa haina kipuri. Ndiyo maana mnamwona na fimbo. Nyonga yake mpya ilichomoka mara mbili mwaka ule wa kwanza.

Angefunguliwa miaka miwili nyuma, ingekuwaje? Siwezi kuapa kwa mtu mmoja. Ila madaktari waliowafuatilia wagonjwa waliofunguliwa kwa sababu ya uvimbe ule waliona kwamba hali zao baada ya upasuaji wa pili zilikuwa duni kuliko za waliobadilishiwa kwa sababu nyingine, na kadiri nyama ilivyoharibika kabla ya kufunguliwa, ndivyo matokeo yalivyokuwa mabaya. Kuchelewa kuna bei, na mjomba anailipa kila akisimama.

Kuitwa si kung'olewa

Nikisema haya najua kuna mtu humu moyo unamwenda mbio. Mama yangu wa kitenge cha kijani, nimekuona. Tulia.

Nyonga kuitwa haina maana kila aliye nayo lazima apasuliwe. Hata ile ASR iliyoleta msiba wote ule, wengi waliowekewa hawakuwa wamefunguliwa ile miaka 5 ilipotimia. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na kumfungua mtu mzima asiye na tatizo ni kumtafutia tatizo. Wito maana yake ni njoo utazamwe. Kisha njoo tena. Mwaka 2012 Uingereza ilisema wenye nyonga za chuma kwa chuma zenye vichwa vikubwa waangaliwe kila mwaka, muda wote zitakapokuwa mwilini, hata asiyelalamika.

Hata asiyelalamika! Hapo ndipo penye vita vyangu na ninyi. Mara ngapi nimeambiwa, dada, siumwi, nije kufanya nini? Nauli ya kutoka Korogwe ni pesa. Ni kweli ni pesa, na sidharau. Lakini nyonga inaweza kulegea bila kuuma. Hata ya plastiki: vumbi lake huweza kuula mfupa unaoizunguka taratibu, ukabaki na tundu kama la mdudu kwenye mhogo, na mtu anacheza ngoma harusini. Siku ya maumivu ndiyo siku mfupa umebaki ganda.

Kuna binti wa Muheza, ana selimundu, alibadilishwa nyonga akiwa na miaka 24. Leo hayupo kwa sababu ya mvua, lakini atasoma. Yeye kila mwaka, mwezi uleule, hupanda basi akaja kupiga eksirei. Hana maumivu. Huja na picha za miaka yote iliyopita kwenye bahasha moja, daktari akazipanga kwenye mwanga, ya kwanza mpaka ya mwisho. Picha moja haisemi mengi. Picha sita zinasema kama kuna kitu kimesogea. Na stika yake ameipiga picha akaihifadhi kwa mama yake, kwa dada yake na kwa mwalimu wake wa zamani. Nilimuuliza, mwalimu wa nini? Akanijibu, simu zetu nyumbani zinaibiwa, mwalimu habadilishi namba. Mtoto yule amekwisha kuelewa jambo ambalo hospitali kubwa zilichelewa kulielewa.

Anayesikia maumivu ya kinena au paja yasiyoisha, uvimbe, mguu kuzidi kuchechemea, kiungo kugonga au kuchomoka, asingoje mwaka utimie. Na kwa kuwa vumbi lile huingia kwenye damu, mwenye chuma kwa chuma akiona masikio yanavuma, macho yanafifia au moyo unachoka bila sababu, amwambie daktari neno moja tu la ziada: nina nyonga ya chuma. Daktari wa macho hatakuuliza habari za nyonga, mwambie wewe.

Tusidhani mambo haya ni ya zamani. Kuanzia 2021 kampuni ya Exactech ya Marekani iliita vipande vya plastiki vya nyonga na magoti kwa sababu ya mfuko. Mfuko wa kufungia tu! Haukuwa na tabaka la kuzuia oksijeni, plastiki ikaweza kuchakaa mapema. Chuma kizuri, daktari mzuri, mfuko mbovu. Utaujuaje mfuko uliofungia nyonga yako kama huna namba ya toleo?

Daftari

Nani aligundua kwamba ASR ina kasoro? Kampuni haikuwa ya kwanza kusema. Lilisema daftari. Australia wana daftari la taifa la viungo bandia tangu 1999: kila nyonga inayowekwa inaandikwa, na kila inayofunguliwa tena inaandikwa. Miaka kadhaa kabla ya 2010 daftari lile lilikuwa limeshaonyesha kwamba nyonga hii inafunguliwa tena kupita kiasi. Desemba 2009 ikaondolewa sokoni kwao, miezi minane kabla ya dunia nzima. Wenzao wa Sweden walianza la nyonga mwaka 1979.

Na Uingereza, je? Mwaka 1998 nyonga iliyoitwa 3M Capital ilitolewa ilani. Walikuwa wamewekewa watu karibu 4,700. Kazi ikawa kuwapata. Nchi yenye posta, yenye namba za nyumba, yenye hospitali za serikali kila mji, ikahangaika kuwatafuta watu wake, kwa sababu hapakuwa na mahali pamoja palipoandikwa nani ana nini. Aibu ile ndiyo iliyochangia wakaanzisha daftari lao, likaanza kukusanya mwaka 2003. Msiambiwe basi kwamba sisi tumechelewa kwa sababu ni Waafrika. Malawi, jirani zetu hapo ng'ambo ya ziwa, walianza daftari lao la viungo bandia mwaka 2005.

Zamani mwenye kutaka nyonga alikuwa hana budi kuvuka bahari. Leo zinawekwa hapa nchini, kule MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na kwingineko, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Tuna TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ambayo tangu 2019 jina lake lenyewe linataja vifaa tiba. Basi ninaloliomba, na nitaliomba kila nitakapopewa kipaza sauti, ni kwamba nyonga ya Mtanzania iandikwe mahali pamoja siku inapowekwa, na jina la mtu, na simu mbili. Ya kwake, na ya mtu asiyehamahama.

Mpaka siku hiyo, daftari ni ninyi. Rudini mlikopasuliwa mkaombe stika au namba, ni haki yenu, semeni kwa adabu lakini msiondoke. Aliyepasuliwa nje aandike barua, mpeni kijana wa nyumbani aitume kwa simu, na mpeleke anwani mpya hata kama hamjaulizwa. Pigeni picha stika, watumieni watatu. Eksirei zenu msizitandike chini ya godoro, zinakunjika.

Nami nimeanza padogo. Pale mezani mlangoni kuna daftari la jalada gumu, nimelipiga mistari mwenyewe jana usiku: jina, upande gani, mwaka, hospitali, aina, namba, simu mbili. Asiye na namba aandike asichokuwa nacho pia, tupajue palipo wazi. Tutakaa nalo mimi na vijana wawili, na litafungiwa kabatini, maana habari ya mwili wa mtu si ya kuachwa mezani. Ikitoka ilani yoyote, tutapiga simu moja moja.

Msisukumane, wenye magongo kwanza. Mjomba, wewe unayo kadi mfukoni, anza. Kalamu ndiyo hiyo.